Maswali ya Wasomaji: Kombe la Arnold Palmer, mpira wa zamu na pointi 60

Safari hii barua nyingi zinahusu Kombe la Arnold Palmer, shindano la gofu la timu ambalo wanafunzi wa vyuo wa Marekani hukutana na wenzao kutoka kwingineko duniani. Tumezipanga kuanzia zinazouliza ni kitu gani hadi zinazouliza namna ya kuliiga.

Msomaji, Mombasa: Habari zenu wahariri. Ryder ninalijua, Walker nimelisikia. Hili la Palmer lina nini cha zaidi, na nani huruhusiwa kulicheza?

Ryder, lililoanza 1927, ni la wachezaji wa kulipwa. Walker ni la wanaume wa ridhaa wa Marekani dhidi ya Uingereza na Ireland tangu 1922, na Curtis ni la wanawake wa ridhaa wa pande hizohizo tangu 1932. Hayo mawili ya ridhaa hayakuulizi unasoma wapi wala kama unasoma. Palmer linauliza. Ni la wanafunzi wa vyuo tu, na manahodha wake ni makocha wa vyuo.

Lilichezwa mara ya kwanza 1997 katika uwanja wa Bay Hill, Orlando, jimbo la Florida. Nyuma yake walikuwa chama cha makocha wa gofu wa vyuo vya Marekani na Arnold Palmer mwenyewe (1929–2016), mzaliwa wa Pennsylvania aliyechezea Chuo Kikuu cha Wake Forest kabla ya kutwaa mataji makubwa 7 na kufikisha ushindi 62 katika ziara ya PGA, mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani. Mwaka huo Marekani iliwapiga Uingereza na Ireland pointi 19 kwa 5, na ungeweza kudhani shindano limekufa kabla halijazaliwa. Mwaka uliofuata, St Andrews kule Scotland, ikawa sare ya 12 kwa 12. Wasiwasi ukaisha.

Mpinzani wa Marekani amebadilika mara mbili. Hadi 2002 alikuwa Uingereza na Ireland, kuanzia 2003 akawa Ulaya nzima, na 2018, katika uwanja wa Evian nchini Ufaransa, akawa dunia yote iliyobaki, kwa jina la timu ya Kimataifa. Mwaka huohuo wanawake waliingia kwa idadi sawa na wanaume. Kwa msomaji wa Afrika huo ndio mwaka wa kukumbuka. Kabla yake, kijana wa Kiafrika aliyesoma na kung'ara katika chuo cha Marekani hakuwa na upande wa kuchezea, labda awe na pasi ya kusafiria ya Ulaya.

Uwanja huhama, kwa kawaida: miaka witiri Marekani, miaka shufwa ng'ambo. Mwaka 2020 ulivunja utaratibu kwa sababu ya korona. Zamu ilikuwa ya Lahinch, Ireland, lakini shindano likapelekwa Bay Hill mwezi Desemba, na Lahinch ikasubiri hadi 2024. Waliopitia humo ni majina unayoyaona leo kwenye televisheni: Dustin Johnson, Rickie Fowler, Justin Thomas, Jon Rahm, Collin Morikawa.

Msomaji, Kampala: Niliona mahali matokeo ya 2020 yameandikwa 40½ kwa 19½. Ni kosa la uchapaji? Ryder haifiki hata pointi 30.

Si kosa. Timu ya Kimataifa ilishinda hivyo hasa. Ryder ina mechi 28, Palmer ya sasa ina 60, kwa kuwa kila upande una wachezaji 24, wanaume 12 na wanawake 12.

Mpangilio uliozoeleka ni huu. Siku ya kwanza kuna mechi 12 za mipira minne kwa jozi mseto, yaani mwanamume na mwanamke kila upande. Kila mmoja hucheza mpira wake, na alama iliyo bora ya jozi ndiyo inayohesabiwa kwa shimo hilo. Siku ya pili asubuhi ni mechi 12 za mpira wa zamu, jozi mseto tena, ambapo wawili wanacheza mpira mmoja wakipokezana. Mchana wake ni mechi 12 nyingine za mipira minne, 6 za wanaume na 6 za wanawake. Siku ya tatu kila mtu anasimama peke yake, mechi 24 za mmoja kwa mmoja. Zote ni za shimo kwa shimo, yaani anayeshinda mashimo mengi ndiye mshindi, mashimo 18. Mechi ina pointi 1, ikiisha sare kila upande unapata nusu. Anayefika 30½ amemaliza kazi.

Angalia uzito wa siku ya mwisho: pointi 24 kati ya 60. Timu iliyo nyuma 14 kwa 22 baada ya siku mbili inahitaji 16½ katika hizo 24. Inawezekana, ila nahodha wake hana nafasi ya kuficha mchezaji dhaifu, maana wote 24 wanacheza. Katika Ryder unaweza kumweka mtu benchi siku mbili za kwanza. Hapa kila raundi inahitaji kila mtu, na hilo kwa maoni yetu ndilo linalofanya Palmer kuwa kipimo cha haki zaidi cha timu.

Kocha, Moshi: Nina vijana wazuri mmoja mmoja. Nikiwaweka wawili kwenye mpira wa zamu wanavurugika kabisa. Nawapangaje?

Usiwalaumu haraka, kocha. Hata waliochaguliwa kucheza Palmer hufika na udhaifu huohuo. Karibu msimu mzima wa gofu ya vyuo vya Marekani ni wa kuhesabu mikwaju: wachezaji watano wanatumwa, alama nne bora za kila raundi zinajumlishwa. Mechi za shimo kwa shimo wanazikuta hasa kwenye fainali za kitaifa za NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani (tangu 2009 kwa wanaume na 2015 kwa wanawake), nazo ni za mmoja kwa mmoja. Mpira wa zamu ni nadra kuukuta. Kwa hiyo pointi 12 za asubuhi ya siku ya pili huenda kwa nahodha aliyefanya hesabu, hata kama hana nyota.

Hesabu yenyewe inaanza na kadi ya uwanja. Kanuni inataka jozi ipokezane tii (mahali pa pigo la kwanza la shimo): mmoja anaanza mashimo yote witiri, mwenzake yote shufwa, bila kujali nani aliingiza mpira shimo lililopita. Chukua kadi, zungushia mashimo ya paa 3, yaani yanayotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 3. Tuseme yako kwenye 4, 8, 14 na 16, yote shufwa. Anayeanza shufwa atapiga fimbo ya chuma mara nne kutoka tii na atatumia dreva (fimbo ya pigo refu) kwenye mashimo 5 tu. Mwenzake anaanzisha mashimo 9 yasiyo na paa 3 hata moja. Basi mpe mwenye dreva iliyonyooka witiri, mpe mpiga vyuma shufwa. Uzuri ni kwamba kwenye paa 4 za witiri, pigo la pili la kwenda grini (nyasi fupi zenye shimo) linamwangukia tena yule mpiga vyuma. Na mpira ukifika grini kwa mikwaju miwili, pati (pigo la kuviringisha mpira shimoni) ya kwanza ni ya aliyeanza. Kwenye paa 3, pati ya kwanza ni ya ambaye hakuanza. Fuatilia hivyo mashimo yote 18 na penseli, utaona mwenye mkono mzuri wa pati anapata pati ngapi za kwanza ukimweka huku au kule. Paa 3 zikigawanyika mbili kwa mbili, angalia paa 5, kisha tii zinazotisha: yenye maji kushoto mpe yule ambaye mpira wake hupinda kulia.

Jambo la pili ni mpira. Vijana wawili mara nyingi hutumia mipira ya aina tofauti, mmoja laini unaozunguka sana, mwingine mgumu. Sheria inaruhusu kubadilisha mpira mwanzoni mwa shimo, isipokuwa kamati imeweka sharti la aina moja raundi nzima. Lisome sharti hilo kabla hujafika tii ya kwanza. Likiwa halipo, kwenye paa 4 tumia mpira aliouzoea yule atakayepiga pigo la pili. Dreva husamehe mpira usiouzoea kuliko pigo la mita 120 la kwenda grini. Likiwapo, wakubaliane wiki mbili kabla na wote wafanye mazoezi na huo mmoja, hasa mapigo mafupi na pati.

La tatu ni umbali. Ukipiga mpira mfupi kwa makusudi kwenye paa 5, hujiwekei wewe, unamwekea mwenzako. Kila mmoja aandike umbali anaoupenda, mfano mmoja mita 90, mwingine 75, na karatasi hiyo ikae mfukoni mwa wote wawili. Mazoezi ya jioni yawe mashimo 9 ya zamu, si mipira kwenye uwanja wa kupigia. Ongezeni jingine la nusu saa: mmoja anapiga mipira 20 kutoka pembeni ya grini, mwenzake anaingiza iliyobaki, kisha wanabadilishana. Baada ya siku chache kila mmoja anajua ni upande gani wa shimo mwenzake hapendi kuachiwa mpira.

Kwa jozi mseto kuna mtego mmoja. Mwanamume anaanza kwenye tii ya wanaume, mpira unatoka nje ya mpaka. Anayepiga tena ni mwanamke, na anapiga kutoka tii ileile ya wanaume, kwa sababu mpira unarudishwa pale pigo la mwisho lilipopigwa. Ndiyo maana kwenye mashimo marefu yenye mpaka karibu ni busara aanze mwanamke, kama witiri na shufwa zinakuruhusu.

Jozi nyingi hupoteza shimo bure kwa kukosea zamu. Mkwaju wa adhabu haubadilishi zamu: mpira umeingia majini kwa pigo la Musa, anayepiga baada ya kuudondosha ni mwenzake Musa, si Musa. Ukirusha fimbo kwa nia ya kupiga na ukaukosa mpira, hilo ni pigo, zamu imehama. Mpira wa akiba, ule wa tahadhari mnapodhani wa kwanza umepotea, naye anaupiga mwenzake. Akipiga asiye na zamu kwenye mechi ya shimo kwa shimo, shimo limekwenda.

Mwanafunzi, Nairobi: Nilimwachia mpinzani pati fupi, akapiga hata hivyo, akaikosa. Wenzangu wakasema shimo ni langu. Tulibishana hadi jioni.

Shimo si lako. Pati ikishaachiwa haikataliwi wala hairudishwi. Mpinzani wako alihesabiwa ameingiza tangu ulipotamka. Alichofanya baadaye ni mazoezi tu. Kwenye mipira minne lakini, mwambieni mtu aliyeachiwa aokote mpira wake. Akiendelea kupiga na pigo hilo likamsaidia mwenzake, mathalani kwa kumwonyesha mteremko, alama ya huyo mwenzake haihesabiki kwenye shimo hilo. Nahodha mjanja huachia pati kwa sababu hiyohiyo: A yuko mita 1 kwa mikwaju 4, mwenzake B yuko mita 2 kwa mikwaju 3, wote kwenye mstari mmoja. Unamwachia A ili B asione mpira unavyopinda.

Kwa kuwa mmebishana, haya ndiyo mengine yanayowagombanisha wanafunzi.

Mpinzani akipiga kabla ya zamu yake hakuna adhabu, ila una haki ya kulifuta pigo lake na kumrudisha, mradi useme kabla hajapiga mtu mwingine. Limeenda bunkani (kwenye mchanga)? Nyamaza, endelea. Limekaa karibu na shimo? Lifute. Hakuna uhuni hapo, sheria imekupa.

Hesabu fimbo kwenye tii ya kwanza. Kikomo ni 14. Ya kumi na tano ikigunduliwa kwenye shimo la 5, unakatwa shimo 1 kwa kila shimo ulilovunja sheria, lakini yasizidi mawili: aliyekuwa akiongoza kwa shimo 1 anajikuta nyuma kwa 1. Kwenye mipira minne adhabu hiyo inaibeba jozi nzima. Na wenzi hawaruhusiwi kuazimana fimbo, labda zao zote mbili zikijumlishwa zisipite 14.

Ushauri unaweza kuuliza kwa mwenzi wako na kedi (mbeba fimbo) wenu tu. Rafiki wa timu yako anayecheza mechi ya nyuma ni mtu wa nje kwa mechi yako. Akikuambia alitumia chuma namba 7, mmeingia matatani. Kocha naye anaruhusiwa kushauri ikiwa tu kamati imetoa sharti la kumtaja mshauri wa timu. Na kwenye mpira wa zamu usisimame nyuma ya mwenzako kwenye mstari wa pigo ili usome mpira utakavyokwenda.

Ukitaka uamuzi, sema hapohapo na kabla yeyote hajapiga kuanza shimo linalofuata. Mkishaanza shimo jingine, malalamiko ya nyuma huwa hayana pa kwenda.

Mama mzazi, Arusha: Binti yangu ana miaka 16, hendikapu 4 (mikwaju 4 hivi juu ya paa). Walimu wanasema aende chuo Marekani kwa ufadhili wa gofu. Nianzie wapi, na je anaweza kufika huko kwenye Palmer?

Mama, tuanze na swali la pili ili tusidanganyane. Wanaofika Palmer wana hendikapu chini ya sifuri. Wengi hupita kupitia viwango vya msimu, wengine huchaguliwa na kamati. Hendikapu 4 kwa umri huo ni mwanzo mzuri, lakini safari bado. Kupata nafasi chuoni ni jambo jingine na liko karibu zaidi.

Kwa vyuo vya daraja la kwanza la NCAA anatakiwa masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa mizani yao ya 4. Ajisajili mapema kwenye kituo chao cha kuhakiki sifa, ambacho pia huhakiki kwamba ni mchezaji wa ridhaa. Vyeti vyake vitafsiriwe kama viko kwa Kiswahili. Kuna pia vyuo vya vyama vingine: vya NAIA, na vya miaka miwili vya NJCAA, ambavyo makocha wake husoma barua za wageni kwa utulivu zaidi. Wazazi wengi huvidharau, na hapo ndipo wanapokosea.

Barua kwa kocha iwe fupi: matokeo ya mashindano, si hendikapu pekee. Kila raundi iandikwe na urefu wa uwanja, paa, kiwango cha ugumu wa uwanja, idadi ya washiriki na nafasi aliyomaliza. Wanawake wa vyuo hucheza viwanja vya yadi 6,000 hadi 6,400. Ikiwa klabu yenu ina tii za wanawake za yadi 5,400, alama ya 75 pale haimwambii kocha kitu. Acheze tii za nyuma na aandike hivyo. Umbali wa kila fimbo utajwe na mahali ulipopimwa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mpira huruka zaidi kuliko Dar es Salaam au Florida. Kocha anayejua kazi yake atapunguza mwenyewe, na akikuta hukutaja atadhani unamficha. Video ni dakika mbili, kutoka mbele na kutoka nyuma ya mstari: dreva, chuma, pigo fupi, bunka, pati. Muziki uachwe.

Kocha wa daraja la kwanza haruhusiwi kujibu barua za usajili kabla ya tarehe 15 Juni baada ya mwaka wa pili wa sekondari kwa hesabu yao ya madarasa. Kimya chake si dharau. Mashindano yanayompa pointi za orodha ya dunia ya wachezaji wa ridhaa yana uzito kuliko vikombe kumi vya klabu, kwa hiyo akipata nafasi ya kwenda kucheza Kenya au Uganda kwenye mashindano ya namna hiyo, nauli hiyo haijapotea.

Mambo mawili ya kuchunga. Sheria za ridhaa zinaweka kikomo cha zawadi cha pauni 700 au dola 1,000 za Marekani kwa shindano, na NCAA ina masharti yake zaidi ya hayo, kwa hiyo asichukue bahasha ya fedha kwa sababu tu klabu imeitoa. La pili, akimaliza sekondari akakaa nje muda mrefu huku akiendelea kushindana, anaweza kupoteza msimu wa kucheza chuoni. Chuo kikishampokea kitatoa fomu ya I-20, nayo ndiyo inayofungua maombi ya viza ya mwanafunzi.

Kiongozi wa michezo chuoni, Morogoro: Tunataka chuo chetu na kingine tucheze kwa mtindo wa Palmer. Hatuna wachezaji 24, na hendikapu zetu ni mchanganyiko.

Gawanyeni kwa tatu. Wachezaji 8 kila upande, wanaume 4 na wanawake 4, wanakupa mechi 4 za mipira minne mseto, 4 za mpira wa zamu mseto, 4 za mipira minne (2 za wanaume, 2 za wanawake) na 8 za mmoja mmoja. Jumla pointi 20, ushindi 10½, uwiano uleule wa Palmer. Mkiwa na siku mbili tu, ondoeni zile 4 za tatu. Zinabaki pointi 16 na ushindi ni 8½. Wanawake wakipungua msijaze nafasi kwa mtu ambaye hajawahi kumaliza mashimo 18, punguzeni wote hadi 6 kwa 6.

Saa ndiyo adui. Makundi ya watu wanne wenye mipira minne huchukua saa nne na nusu hadi tano, ya mpira wa zamu saa tatu na nusu hadi nne. Anzeni saa 1:00 asubuhi, kundi kila dakika 10, la mwisho linatoka 1:30 na kumaliza 6:30 mchana likijikongoja. Mpira wa zamu uanze 7:30, wa mwisho utoke 8:00, wamalize saa 12:00 jioni, nusu saa hivi kabla ya giza. Mkigeuza, mkaweka mipira minne mchana, mtamaliza kwa tochi. Sharti moja linaokoa muda mwingi: kwenye mipira minne, ambaye alama yake haiwezi tena kusaidia shimo hilo aokote mpira mara moja.

Hendikapu sasa. Palmer huchezwa bila nyongeza yoyote, nanyi mkifanya hivyo mechi nyingi zitaisha shimo la 12. Tumieni hendikapu ya uwanja kutoka tii anazochezea kila mmoja, kisha viwango vya mfumo wa dunia: mmoja kwa mmoja tofauti nzima, mipira minne asilimia 90 ya kila mchezaji, mpira wa zamu nusu ya tofauti ya jumla za jozi. Mfano: jozi ya 4 na 9 dhidi ya jozi ya 12 na 15. Kwenye mipira minne zinakuwa 4, 8, 11 na 14. Wa chini anacheza bila nyongeza na wengine wanapata 4, 7 na 10, kwenye mashimo magumu kwa mpangilio wa kadi. Kwenye mpira wa zamu jumla ni 13 na 27, tofauti 14, jozi dhaifu inapata mikwaju 7. Andikeni nyongeza kwenye kadi usiku uliotangulia, na manahodha wote wawili watie sahihi. Ugomvi mwingi wa siku hiyo huanzia kwenye hesabu iliyofanywa kwa haraka pembeni ya tii.

Majina ya jozi yawasilishwe kwa bahasha zilizofungwa, wakati mmoja, na zifunguliwe pamoja. Nahodha akiona orodha ya mwenzake kwanza shindano limeharibika. Masharti ya maandishi yaseme mapema mambo matatu: mchezaji akiumwa mechi yake inakwenda wapi, jumla ikiwa sare kombe linabaki kwa nani, na nani anaruhusiwa kushauri. Mwamuzi mmoja kwa kila mechi mbili za mpira wa zamu anatosha, akiwa na baiskeli au kigari na simu yenye chaji. Baada ya kila shimo pande zote ziseme hali kwa sauti, "Morogoro mbele kwa 1 baada ya 6", na kedi mmoja aiandike. Radi ikisikika wote watoke, na kila mtu aweke alama mahali mpira wake ulipo.

Mkitaka mbele zaidi ya mechi za kirafiki, zungumzeni na TUSA, shirikisho la michezo la vyuo vikuu vya Tanzania. Kenya wana lao, na Uganda wana AUUS. Mashirikisho hayo ndiyo mlango wa kuelekea ubingwa wa dunia wa gofu wa vyuo vikuu wa FISU, shirikisho la dunia la michezo ya vyuo vikuu, unaofanyika kila baada ya miaka miwili.

Msomaji, Muscat: "4 na 3" maana yake nini, na baada ya hapo wanaendelea kucheza?

Mshindi alikuwa mbele kwa mashimo 4 huku yamebaki 3, kwa hiyo mechi iliishia shimo la 15. Wanapeana mikono na kuondoka uwanjani. "Mbele kwa 1" maana yake mechi ilifika shimo la 18. Ukubwa wa ushindi hauongezi kitu: 8 na 7 ni pointi 1, na mbele kwa 1 ni pointi 1.